Wateja wa V8 za Michigan, vijana wa nyumbani Dar: kazi hii inasimamiwaje?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Nyuzi za kazi za mtandaoni zimejaa humu, lakini nyingi zinaishia kwenye swali la namna ya kuzipata, na ni chache zinazozungumzia namna ya kuzisimamia zikishapatikana. Mimi nasimamia timu ndogo ya vijana walioko Mbezi, Tabata, Kinyerezi na Kigamboni, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wanaojibu wateja wa duka moja lililoko Michigan, Marekani. Duka hilo linauza spea za magari ya miaka ya 1960 na 1970, yale ya milango miwili yenye injini kubwa za V8, yaani za silinda nane, ambayo wenyewe wanayaita magari ya misuli: Pontiac GTO, Chevelle, Charger, Road Runner na ndugu zao.

Nianze na magari yenyewe, kwa sababu asiyeyaelewa hawezi kuielewa kazi. Mwaka 1964 Pontiac, ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, ilichukua injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa ya familia, ikaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati lililoitwa Tempest. Kanuni za kampuni mama, General Motors, hazikuruhusu injini kubwa kiasi hicho kwenye gari la ukubwa ule, hivyo wakaiuza kama nyongeza ambayo mnunuzi anaichagua mwenyewe, na nyongeza hiyo ndiyo iliyoitwa GTO. Mwaka huo wa kwanza zilinunuliwa zaidi ya 32,000. Wapinzani hawakulala, na kufikia 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle ya inchi 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Kisha mambo yakageuka: bima kwa madereva vijana ikapanda mno, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaanza kubana moshi, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikasitisha kuiuzia Marekani mafuta. Mustang ya Ford ya mwaka 1974 ilitoka kiwandani bila V8 hata kama nyongeza. Kutoka GTO ya kwanza hadi hapo ni kama miaka kumi tu, na nadhani sehemu kubwa ya utamu wa magari haya inatokana na kwamba karamu ilivunjwa watu wakiwa bado mezani.

Mteja wetu wa kawaida ni mzee aliyekuwa kijana wa sekondari wakati huo, aliyeliona gari kwenye kioo cha duka akakosa uwezo wa kulinunua. Leo amestaafu, watoto wameshajitegemea, fedha ipo, na gari liko gereji limefunikwa turubai likisubiri theluji iishe. Mwingine hakuwa hata amezaliwa, ila baba yake alikuwa nalo. Watu hawa hawaandiki kuomba namba ya spea peke yake. Mmoja alituandikia ukurasa mzima kuhusu kabureta ya Quadrajet iliyokuwa ikivuja, na zaidi ya nusu ya ukurasa ilimhusu kaka yake marehemu, ambaye ndiye aliyeifungua na kuifunga kabureta hiyo kwa mara ya mwisho. Swali lenyewe, yaani gasketi ipi inafaa, lilikuwa kwenye mstari wa mwisho.

Sasa mpeleke mteja huyo kwa mfumo unaopima kazi kwa dakika. Tulipoanza, duka lilitaka kila kijana awe na taa ya kijani, ile ya kuonyesha kwamba yuko mtandaoni, muda wote wa zamu, kompyuta yake ipigwe picha za skrini kila baada ya dakika chache, na kila mteja ajibiwe haraka iwezekanavyo. Kijana wa Tabata aliyempa yule mzee nusu saa, akamuuliza namba iliyogongwa kwenye ubavu wa kabureta na kumsikiliza habari za kaka yake, alionekana kwenye ripoti kuwa ndiye mzembe wa siku. Aliyekuwa akibandika majibu ya kunakili alionekana hodari, ingawa nusu ya mizigo aliyoidhinisha ilirudi kwa sababu ilikuwa ya gari jingine.

Nilibishana na mwenye duka kwa muda bila mafanikio, mpaka nilipomwandikia kwa lugha ya magari yake. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilikuwa vikitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa juu ya benchi, bila altaneta, bila kichujio cha hewa cha kawaida, bila mfumo wake kamili wa ekzosi. Mwaka 1972 vikahamia kwenye kipimo cha injini ikiwa imevaa kila kitu inachovaa barabarani. General Motors ilitoa vipimo vyote viwili kwa magari ya 1971, na Camaro Z28 ya mwaka huo ikasomeka farasi 330 kwa kipimo cha zamani na 275 kwa kipimo kipya, injini ileile, bila hata bolti moja kubadilishwa. Nikamwambia kwamba taa ya kijani ni zile 330 za benchi, na mimi nataka tuhesabu zile 275: mteja aliyepata spea sahihi mara ya kwanza, mzigo usiorudi, swali lisiloulizwa tena kesho yake. Alinijibu kwa sentensi moja, kwamba programu ya kupiga picha iondolewe.

Tangu hapo tunapima mizigo inayorudi na maswali yanayojirudia, na kila wiki nasoma mazungumzo machache ya kila kijana kuanzia salamu hadi mwisho. Kusoma huku kunanila muda kuliko kuangalia jedwali, na msimamizi asiyekuwa tayari kusoma asijidanganye kwamba anasimamia watu wa mbali, anasimamia jedwali. Kamera kwenye vikao ni hiari. Jambo moja tu ndilo lisilo na hiari: kila anayemaliza zamu anaandika makabidhiano kwa sentensi kamili, akieleza mteja gani anasubiri nini na kwa nini, ili anayepokea asimsumbue usingizini.

Karibuni kwa michango, hasa wanaosimamia timu za namna hii na waliowahi kuyashika magari ya kabureta.

Mkazi wa Goba

Mkuu, umeandika vizuri, ila umeandika kama msimamizi. Mimi ni miongoni mwa wanaosimamiwa, kwenye kampuni nyingine ambayo sitaitaja, na ningependa tuongelee kinachotokea upande huu wa skrini. Bando ni langu, Luku ni yangu, kiti kinachoniumiza mgongo ni changu. Umeme ukikatika saa 3 usiku naambiwa nitafute njia, na mwisho wa mwezi saa hiyo inakatwa kwenye malipo yangu. Zaidi ya hayo kuna familia. Kwa watu wengi wa nyumbani, aliyeko sebuleni na kompyuta hana kazi, kwa hiyo ndiye atakayepokea mtungi wa gesi, ndiye atakayemsindikiza shangazi Mwananyamala hospitali, ndiye atakayekaa na mtoto wa jirani.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Karibu kazi zote hizi za Marekani zinaangukia usiku wetu. Je, vijana wako wanaipata hiyo nyongeza, au nao wameandikwa kuwa wakandarasi binafsi ili sheria isiwaguse?

Mwanzisha uzi

Mkazi wa Goba, swali lako ni la haki. Duka linafunguliwa saa 3 asubuhi kwa saa za Michigan. Majira yao ya joto hiyo ni saa 10 jioni ya Dar, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha saa nyuma, inakuwa saa 11 jioni, kwa sababu sisi huku hatugusi saa zetu. Wanapofunga, huku ni saa 6 au saa 7 usiku. Kwa hiyo ndiyo, sehemu kubwa ya zamu ni usiku kisheria. Vijana wangu wana mikataba ya ajira hapa nchini, na nyongeza ya usiku imo. Bando na umeme vinalipwa kwa kiwango maalumu kila mwezi, bila kudai risiti za Luku kama vile tunamkagua mtu jikoni kwake. Nakiri kwamba mikataba hii haikuja kwa hisani: niliambatanisha sheria hiyohiyo uliyoitaja kwenye bajeti, nikaeleza kwamba bila hivyo sitaajiri.

Kukatika kwa huduma tumekugawa katika mafungu mawili. Umeme wa mtaa ukikatika, betri ya akiba inaendesha ruta na kompyuta kwa saa kadhaa, na anayekosa kabisa anabadilishana zamu na mwenzake wa mtaa mwingine. Ndiyo faida ya kutawanyika, kwa kuwa Mbezi na Kigamboni mara nyingi hazizimiki kwa wakati mmoja. Intaneti ya nchi ikiyumba ni suala jingine. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari, kubadilishana zamu hakukuwa na maana yoyote. Tangu siku ile tunaweka akiba ya kazi isiyohitaji mtandao, hasa kusahihisha katalogi, kazi ambayo haiishi.

Kuhusu shangazi wa Mwananyamala, huko sina mamlaka. Ninachoweza ni kutangaza zamu mapema ili kijana aweze kuwaambia nyumbani, na kutopiga simu nje ya zamu, ili wale wa nyumbani waone kwamba kazi hii ina mwanzo na ina mwisho.

Fundi wa zamani, mtaa wa Gerezani, Dar

Wanangu, kijana wangu amenisomea uzi huu na nimemwambia aniandikie. Mmeyasifia sana magari ya Wamarekani, na mimi siyadharau, lakini mvuto wa gari la zamani anausikia zaidi asiyekuwa fundi wake. Yale magari mengi yalikuwa na farasi mia tatu na breki za ngoma magurudumu yote manne. Pointi za distribyuta zinakula, unazipiga msasa, unapima nafasi kwa filagaji, kile kipimo cha vibamba vyembamba, na baada ya muda unarudi palepale. Kabureta ikifurika asubuhi, unanusa petroli mpaka mchana. Anayekumbuka mlio peke yake hakuwahi kulala chini ya gari.

Huku kwetu tulikuwa na mapenzi ya namna nyingine. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watoto walikuwa wakisimama barabarani kuanzia alfajiri. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960. Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na tena 1973, akiiendesha Shekhar Mehta safari hiyo ya pili. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na Peugeot 504, gari ambalo kila mmoja wetu hapa alilifungua na kulifunga. Wamarekani walipimana kwa robo maili ya barabara iliyonyooka. Sisi tulilipima gari kwa kufika Mbeya.

Nina jambo moja la kuwasaidia hao vijana. Mteja akisema gari lake linazima likipata moto, linakataa kuwaka, kisha likipumzika linawaka kama hakuna kilichotokea, msikimbilie kumuuzia koili. Mara nyingi petroli imechemka kwenye bomba au kwenye bakuli la kabureta. Sisi mlima Kitonga tulikuwa tunafunga kitambaa kilicholoweshwa maji kwenye pampu ya mafuta, tunasubiri, tunaendelea na safari.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Jambo ulilolieleza ndilo linalotuletea barua nyingi kila kiangazi chao, na lina sababu ya ziada siku hizi: petroli nyingi ya Marekani huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, ambayo inachemka upesi zaidi na inaharibu mipira ya mafuta iliyotengenezwa zamani. Dada mmoja wa timu yetu, wa Mbezi, alipata mteja wa GTO aliyekwisha nunua koili mbili na pampu moja kwa ushauri wa watu mbalimbali. Alimuuliza maswali matatu tu: linazima likiwa linatembea au baada ya kusimama, mpira wa mafuta unapita umbali gani kutoka kwenye kichwa cha silinda, na chini ya kabureta kuna kipande cha kuzuia joto au hakuna. Hakikuwepo, aliyeifungua injini miaka ya nyuma hakukirudisha. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo kabisa kwenye katalogi yetu. Dada huyo alijifunza habari hiyo kwa mjomba wake mwenye Land Rover, wala si kwenye mafunzo ya duka.

Hapa ndipo kazi ya mbali inapotupa shida ya kweli. Tungekuwa ofisi moja, wenzake wangemsikia akiuliza maswali yale na wangeyashika. Nyumbani kwake Mbezi hakuna aliyemsikia. Ndiyo maana kila jibu zuri linaandikwa kwenye daftari la pamoja, likiwa na maswali yaliyoulizwa kwa mpangilio wake na jina la aliyelipata. Mzee wangu, kama utakubali, ningependa tuje Gerezani tukurekodi, kwa malipo. Elimu ya kabureta iliyoko kwenye mitaa yenu inapotea, na kuna watu Michigan wanaoihitaji wiki hii.

Mpenda Mustang

Naomba kutoka kidogo kwenye usimamizi. Mimi nimekua nikitamani Mustang ya 1967. Je, inawezekana kuileta Dar?

Mwanzisha uzi

Inawezekana, ila piga hesabu ukiwa umekaa. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2000 ni asilimia 10, gari lenye zaidi ya miaka kumi linaongezewa asilimia 30 kwa uchakavu, na VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla hiyo. Viunganishe hivyo, kodi inazidi thamani ya gari lenyewe na nauli yake. Kisha usukani uko kushoto, na kulipita lori barabara ya Morogoro ukiwa upande huo kunahitaji abiria unayemwamini sana. Mafuta nayo, V8 kubwa ya kabureta kwenye foleni ya mjini itakupa kilomita tatu au nne kwa lita.

Kama kiu yako ni mlio pamoja na usukani wa kulia, njia zipo. Ford ilianza kutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani kwa toleo la 2015. Kwa upande wa magari ya zamani, Australia walikuwa na Falcon GT tangu 1967, na Afrika Kusini mwaka 1973 ilitoka Chevrolet Firenza Can Am, gari dogo lililopachikwa injini ya lita 5 ya ukoo wa Camaro Z28. Zilitengenezwa mia moja tu, kwa hiyo bei yake nayo si ya mchezo.

Mkazi wa Goba

Nashukuru kwa majibu ya awali. La mwisho kwangu: anayefanya kazi nyumbani huwa anasahaulika vyeo vinapogawiwa, na upweke nao upo. Hilo mnalifanyaje?

Mwanzisha uzi

Umeligusa lililopimwa. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa kituo cha simu cha kampuni ya usafiri Ctrip, Shanghai, mwaka 2010 na 2011. Waliofanyia kazi nyumbani walizalisha asilimia 13 zaidi, lakini ukilinganisha waliokuwa na utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Walipopewa uhuru wa kuchagua baadaye, karibu nusu yao walirudi ofisini, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu walizotaja. Binafsi sioni kama matokeo hayo yanaipinga kazi ya nyumbani. Yanampinga msimamizi anayempandisha cheo yule anayekutana naye kwenye korido.

Sisi tunakutana ana kwa ana Kijitonyama mara moja kwa wiki, mchana kabla ya zamu, na duka linalipa nauli na chakula. Hatufanyi kikao cha takwimu siku hiyo. Tunafungua kabureta mezani. Anayetoka Kigamboni anaruhusiwa kuchelewa kwa sababu ya kivuko bila kueleza. Cheo cha kiongozi wa zamu kinatolewa kwa kuangalia daftari la pamoja, nani ameandika majibu ambayo wenzake wameyatumia, na hapo umbali wa nyumba ya mtu hauonekani.

Wengi mmeniuliza faragha kuhusu nafasi. Kwa sasa tunahitaji watu wawili kabla ya Agosti, kwa sababu Jumamosi ya tatu ya mwezi huo kuna gwaride kubwa la magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward, Michigan, lililoanza mwaka 1995, na kila mwenye gari anataka liwake siku hiyo. Kujua magari si sharti, na Kiingereza cha kuandika kinatosha kikiwa safi. Usaili wetu ni barua moja ya mteja iliyoondolewa jina, inayosema kwamba breki za Chevelle zinavuta upande wa kulia na kuuliza anunue nini. Anayejibu moja kwa moja kwa kutaja spea tunamshukuru na kumtakia heri. Anayeuliza kwanza gari ni la mwaka gani, breki za mbele ni za ngoma au za diski, na ni nani aliyezigusa mara ya mwisho, huyo tunampigia simu.